Majivu, Namba ya Kwanza

Kataliko alipewa mpaka Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

“Niletee namba ya kwanza,” Namegabe alimwambia kule Himbi, koti lake la abakosti limembana tumbo hata vifungo vinalalamika. “Namba ya kwanza kabisa, pale Majivu anaanza kazi. Watu wanapenda kujua mutu anaanzaje. Nitaitoa kwa rangi, kwa karatasi muzuri, na jina lako juu. Ukikosa, basi. Kuna kijana wa Bukavu anachora kukupita, na yeye haniombi sigara.”

Namegabe alikuwa na kiwanda cha sabuni na mashine ya kuchapia, na mtu mwenye vitu viwili hivyo mjini Goma mwaka wa themanini na nne alisema alivyotaka. Kataliko akakubali. Angefanya nini? Miaka arobaini na sita, mchoraji wa mabango ya Birere: hapa kichwa cha mtu aliyenyolewa, pale chupa ya bia yenye jasho, kule samaki anayecheka kabla ya kukaangwa. Watoto wa shule walipita nyuma ya mgongo wake bila kujua kwamba muzee huyu mwenye suruali ya madoa ndiye aliyewahi kuutingisha mji mzima kwa kalamu.

Maana aliutingisha kweli. Mwaka wa sabini na nne rafiki yake mwalimu alikuwa na mashine ya roneo, na Kataliko akawa anachora kwenye stensili, wanazungusha mpini mpaka mkono unakufa ganzi, Jumamosi wanauza sokoni. Namba kumi na moja za kitabu cha picha walitoa. Shujaa wake aliitwa Majivu: mbeba mizigo wa Bunagana aliyeporwa kila alichokuwa nacho pale mpakani, akaapa kuwawinda wezi wote wa Kivu. Hakuruka angani, huyo, wala hakuvunja ukuta kwa ngumi. Alikuwa na kamba, na uso uliopakwa majivu asitambulike, na kiganja kimoja cha majivu ya moto kwa ajili ya macho ya mwizi. Akishamrushia alisema: “Uliiba gizani, kaa gizani.” Goma yote ilijua maneno hayo. Akina mama walimwambia hata paka aliyedokoa ndagala.

Tena mujue jambo hili, la sivyo hamtaelewa kitu. Redio ya siku zile ilikuwa inaimba asubuhi mpaka jioni kwamba nchi ni nzuri na hakuna mwizi. Mtu anaisikiliza redio hiyo akiwa chini ya nyumba isiyo na mabati, maana mabati yameibwa. Basi watu walizoea kutafuta ukweli penye maficho. Uwaambie neno wazi, walicheka. Uwafiche neno, waliliapia. Na Kataliko alikuwa na desturi ya kuwachora watu wa mtaa wenyewe: kinyozi, mama wa mikate, padri na pikipiki yake. Aliyejiona ndani ya kitabu alifurahi sana, akanunua nakala tatu, moja ya mama yake kijijini. Kwa hiyo aliyefungua Majivu alitafuta kwanza sura anayoijua. Na akiikuta sura hiyo kwenye shingo ya mwizi? Aa, basi Kataliko anajua kitu, ila anaogopa kukisema kwa mdomo.

Mwizi wa namba ya kwanza alikuwa na sura ya Télesphore Ndagijimana, muuza maziwa.

Haikuwa bahati mbaya. Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo uovu ulipoanzia, na ulianza kwa kicheko. Mwaka mmoja kabla, Kataliko alikuwa amepewa na wakubwa wa chama kazi ya kuchora chui kwenye ubao mkubwa wa gwaride, chui wa taifa, mdomo wazi. Télesphore akapita na madebe yake ya maziwa kutoka Masisi, kofia imeinamia sikio la kushoto kama kawaida yake. Alikuwa mtu wa kutania hata ng'ombe. Akasimama, akapima chui kwa jicho, akasema: “Chui gani huyu? Huyu ni mbuzi ameona mvua!”

Barabara nzima ilicheka. Kataliko mwenyewe alitabasamu, kwani, tusidanganyane, ilikuwa kweli. Lakini palikuwa na mtu wa chama ambaye hakucheka. Kufika jioni Télesphore alikuwa ameshakwenda zake na madebe matupu, na aliyekamatwa ni mchoraji: kwa nini umemfanya chui wa taifa kuwa mbuzi? Siku tatu kachot, chumba cha mahabusu. Kila asubuhi askari walimtembeza kwa magoti na mikono, wakamwambia alie mee. Akilia vibaya walimsaidia kwa mkanda.

Siku ya nne Télesphore, ambaye hakujua lolote, alikutana naye njiani, akamwona amedhoofika. “Pole, muchoraji, nilisikia uko mugonjwa.” Akammiminia kikombe cha maziwa. Kataliko akanywa mpaka tone la mwisho, akasema aksanti, akaenda nyumbani akaanza kuchora.

Kitabu kilitoka Jumamosi. Jumatatu saa sita mchana wanaume walioibiwa mabati walimzunguka Télesphore, pale pale anapouzia, wakamshika mikono, na kwa muuza makaa kukaletwa koleo la majivu ya moto. Mmoja alisema yale maneno, wote wakayaitikia. Kataliko alikuwa hatua arobaini kutoka hapo. Angeweza kupiga kelele moja tu: jamani, ni mchezo! Hakupiga. Aliogopa, hilo ni kweli, lakini alikumbuka pia mee yake, na moyoni alisikia raha. Raha hiyo hakumwambia hata padri.

Namba ya pili iliisha kabla ya saa nne asubuhi.

Sasa, miaka kumi baadaye, namba ya kwanza hakuwa nayo. Stensili zote alikuwa ameziweka kwa mama yake, upande wa Kibati, na Januari ya sabini na saba mlima ukapasuka, moto ukashuka mbio kuliko mtu. Ulikula nyumba na stensili zake, na kama mama mtu asingekuwa matangani kijiji cha pili, ungemla naye. Jumanne Kataliko alijaribu kuchora upya kwa kichwa. Alikumbuka ile sura, alikumbuka majivu, basi. Maneno yalikuwa yamekwenda. Na mkono nao! Kila mtu aliyemchora alitokea na tabasamu la bango la kinyozi. Namegabe angecheka mpaka alie, maana yeye alikisoma kitabu hicho wakati bado anauza sabuni chini kwenye turubai, alikisoma mpaka kikachanika.

Jumatano Mukamurenzi, muuza maharagi, ndiye aliyemfungulia njia.

“Iko moja tu nayojua,” alisema, anapepeta, hamtazami. “Iko kwa Mama Lucie, kule Katindo.”

“Léonie, muke wa Télesphore? Anaihifadhi ya nini?”

“Sijui. Mi najua tu ile Jumamosi aliinunua asubuhi. Léonie hajui kusoma, weye unajua. Aliona sura ya bwana yake, akafurahi. Akaizungusha soko muzima, meza kwa meza: muangalie, wamemuchora bwana yangu! Akafika kwangu, nikasoma. Nikamwambia, yewe dada, huyu njo mwizi.” Mukamurenzi akaacha ungo. “Akaikunja mbio. Lakini watu makumi walishaona. Papa Lucie hajajua mpaka leo ni muke wake aliizungusha. Ukimuambia, Mungu akulipe.”

Kataliko aliapa hatasema. Alikuwa mwepesi wa kuapa.

Alhamisi mchana alikuwa kwenye mlango wa Léonie, nyumba ya mbao iliyoketi juu ya mawe meusi, karibu na kambi ya askari. Lucie, binti yao, alishaolewa Rutshuru. Léonie alikuwa amenyooka bado, ila nywele zimeshika kijivu. Alimsikiliza, akatikisa kichwa.

“Ile kitabu haitoki humu.”

“Nitairudisha, mama. Siku mbili.”

“Haitoki. Kila mwezi naitoa niichome, nashindwa. Siwezi kuichoma na siwezi kukupa. Nenda, muchoraji.”

Kataliko aliangalia vidole vyake vya rangi. Aliona kijana wa Bukavu, aliona jina lake juu ya karatasi nzuri, aliona miaka mingine ishirini ya samaki anayecheka. Akashusha sauti.

“Papa Lucie anajua nani aliizungusha soko?”

Léonie akashika mwimo wa mlango. Alimtazama kwa muda mrefu, na Kataliko, siwezi kumsifu kwa hili, hakuinamisha macho. Kisha mama akaingia ndani. Akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo matatu, uliokuwa chini ya gunia la maharagi. Fundo la kwanza lilimshinda, akampa hivyo hivyo.

“Mama Lucie,” sauti ikaita kutoka uani, “nani huyo?”

“Mugeni tu. Anaenda.”

“Anaenda wapi? Ananuka rangi. Ni muchoraji! Leta muchoraji huku.”

Kukimbia kungekuwa kukiri. Kataliko akazunguka nyumba, mfuko kwapani, Léonie nyuma yake. Télesphore alikuwa amekaa juu ya kigoda, anasokota kamba za ng'ombe kwa vidole vyepesi. Kofia ilikuwa ile ile, imeinamia sikio lile lile. Chini ya kofia ngozi ilikuwa imejikunja kuzunguka macho meupe. Kataliko alikuwa amemkwepa miaka kumi, akimwona mbali anageuza njia, na sasa hapakuwa na njia ya kugeuza.

“Kaa. Nasikia karatasi. Ni ile kitabu, siyo?” Télesphore alitabasamu. “Usishangae. Najua iko ndani ya nyumba, mutu kipofu anajua gunia gani linasogezwa. Nilinyamaza tu. Léonie hajui kusoma. Nilimwomba Lucie anisomee, akalia, nikamuacha. Kumbe Mungu ataniletea mwenyewe aliyeandika!”

Léonie alikaa chini, akachukua kisu na kiazi, hakumenya.

“Kwanza niambie kitu kimoja,” Télesphore akaendelea, na mikono yake ikapunguza mwendo. “Ile siku walisema mimi njo mwizi wa ndani ya kitabu. Léonie anasema hapana, ule hafanani na mimi ata kidogo. Lakini yeye ni muke wangu, ananihurumia. Weye ulichora. Ule mwizi iko namna gani?”

Hapo ndipo Kataliko alipoona jinsi uongo ulivyo mwepesi kwa asiye na macho. Alifungua ukurasa wa pili. Télesphore alikuwa pale, kijana, kofia upande, debe mkononi, anacheka kwa meno yote.

“Mufupi,” Kataliko alisema. “Hana nywele. Tumbo kubwa, na ndevu kidogo hapa kwa kidevu.”

“Kofia?”

“Hapana kofia.”

Télesphore alishusha pumzi, pumzi ndefu iliyokuwa imesubiri miaka kumi. Akatoa kofia yake, akajipangusa paji.

“Aksanti. Aksanti sana, muchoraji. Basi walikosea. Watu walikuwa na hasira, jua kali, wakakosea mutu. Nimewasamehe zamani, kila Jumapili nawataja, lakini kulikuwa na mwiba mumoja ndani. Nilikuwa najiuliza, na kama kuna mutu alinituma kule kwa kupenda? Kosa linasameheka. Ile ingine, sijui kama ningeweza.” Akavaa kofia. “Sasa soma. Soma yote, nisikie kitabu iliyokula macho yangu.”

Léonie alimtazama Kataliko, na macho yake yalimwomba asisome. Lakini ombi hilo Kataliko hakuliona vizuri, maana alikuwa ameshaanza kuangalia mistari yake.

Jamani, ilikuwa nzuri! Hiyo ndiyo aibu yake kubwa. Miaka kumi alikuwa hajaiona, na sasa kila picha ilimrudia kama mtoto aliyepotea sokoni. Tazama mkono huu wa Majivu akiwa bado ni mbeba mizigo, mishipa yote ipo. Tazama forodha ya Bunagana, mvua, magunia, kirungu cha afisa. Akasoma kwa sauti ndogo, kisha kwa sauti yake, kisha akaanza kuigiza: afisa kwa pua, mama muuza ndizi kwa sauti nyembamba. Télesphore alicheka. Akapiga paja! “Endelea, endelea!” Kataliko alisahau yuko wapi. Alisoma jinsi mbeba mizigo anavyorudi Goma mikono mitupu, jinsi anavyosema sitalia tena. Kwanza hakuwa na majivu, Kataliko alikuwa amesahau hilo. Siku ya kwanza ya kazi yake shujaa alivaa ngozi ya chui aliyoazima kwa mganga, akaenda kumvizia mwizi. Mwizi akageuka, akamwona, hakuogopa hata kidogo. Kataliko akavuta hewa, akatoa sauti ya mwizi, nzito, ya utani, sauti ya mtu wa Masisi:

“Chui gani huyu? Huyu ni mbuzi ameona mvua!”

Ilikuwa imeshatoka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kamba ilisimama. Kule kambini mtu alikuwa anapiga misumari. Kataliko alibaki na mdomo wazi, anaangalia herufi zake mwenyewe, alizoziandika usiku wa maziwa yale huku mgongo unawaka, akaona kwa mara ya kwanza kwamba Majivu hakuzaliwa Bunagana hata siku moja. Alizaliwa kachot, kwa magoti na mikono.

“Rudia,” Télesphore alisema.

“Papa Lucie...”

“Rudia ile neno.”

Télesphore akarudia mwenyewe, taratibu. Kisha akasema: “Hiyo njo mimi. Kwa barabara, na madebe yangu. Hakuna mutu mwingine alisema vile.” Akanyoosha mkono hewani kuelekea karatasi. “Mufupi, siyo? Hana nywele?”

“Walinifunga kwa sababu yako!” Kataliko alipasuka, sauti ikamtoka ya kijana. “Siku tatu! Walinitembeza kama mbuzi, nikalia mee, na weye unakuja kunipa maziwa! Nilichora tu. Picha ni picha, haina miguu!”

“Walikufunga?” Télesphore alishangaa kweli. “Sikujua. Haki ya Mungu, sikujua. Ungenipiga. Ungekuja nyumbani unitukane mbele ya watoto, ningekuomba magoti chini. Lakini macho, muchoraji?”

Swali hilo lilikuwa la upole, na kama Kataliko angekuwa na chembe ya utu angelijibu kwa kulia. Aliyebanwa haangalii anakanyaga wapi. Aliona uso ule wa makovu umemwelekea yeye, umemkuta, haumwachi, akataka kitu kimoja tu: ugeuke uangalie kwingine.

“Picha haina miguu,” alisema tena. “Niliuza nakala mia mbili, na kila mutu angeisoma kwake na kufunga. Nani aliibeba soko muzima meza kwa meza, anasema muangalie, ni Télesphore? Muulize Mama Lucie. Muulize yeye nani alikuonyesha kwa watu.”

Kisu kilianguka juu ya mawe.

Télesphore aligeuza kichwa. Hakukosea mahali, miaka kumi alijua mke wake amekaa wapi kwa kusikia anavyopumua. “Léonie?”

Mama hakukana. Angeweza, na mimi ningemsaidia kukana, lakini alikuwa amebeba mzigo ule kwa muda mrefu mno, na shingo ilimchoka siku hiyo.

“Sikujua kusoma,” alisema. “Niliona kofia yako. Nilifurahi tu wamekuchora.”

“Ulionyesha watu wangapi?”

“Wote.”

Pembeni kulikuwa na sahani ya viazi na maharagi aliyomwandalia. Akainyanyua kwa sababu hakujua afanye nini kingine, akachota kwa kijiko, akampelekea mdomoni kama kila siku, maana tangu siku ile ya majivu kiwiko cha kulia cha Télesphore kilikuwa hakikunjiki vizuri. Télesphore alikutana na kijiko kwa midomo. Kisha akakisogeza, bila nguvu, bila tusi, na akageuza uso ukutani.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Lakini anayekulisha je? Kwa hilo sijasikia methali.

Kataliko alikunja kitabu, akakitia kwenye ule mfuko wa nailoni, akaondoka. Ndiyo, alikichukua! Usoni alikuwa amejaa aibu na kwapani alikuwa na namba ya kwanza. Alikuwa ameshavuka nyumba tatu aliposikia mtu anakimbia juu ya mawe nyuma yake. Akajikinga kichwa, akidhani ni jiwe linakuja, na angestahili. Alikuwa Léonie, ameshika karatasi.

“Umesahau hii. Ilidondoka.” Ulikuwa ukurasa wa mwisho, ule wa majivu. “Sitaki ibaki nyumbani.”

Akaupokea.

“Muchoraji. Katika kitabu mupya, andika kitu kimoja. Andika Léonie Nyiramahirwe hakujua kusoma, alionyesha bila kujua ule ni mwizi. Basi, hivyo tu. Mutu atamusomea, atasikia imeandikwa, ataamini. Maneno yangu yeye hataamini tena, lakini ya kitabu ataamini.”

“Nitaandika,” Kataliko alisema. “Naapa.”

Ijumaa Namegabe alifungua ukurasa wa kwanza akapiga ukelele wa furaha. Kazi ilichukua miezi miwili. Kataliko alichora upya kila picha, na mkono wake ulikuwa umepona kabisa, sijui kwa dawa gani. Alimwacha mwizi na kofia yake na maneno yake, maana Namegabe aliyakumbuka maneno hayo kwa kichwa na alicheka hata kabla ya kuyafikia. Lakini chini ya jina lake, ukurasa wa kwanza, Kataliko aliacha nafasi nyeupe ya mistari miwili. Nimtendee haki, aliiacha.

“Hapa ni ya nini?” Namegabe aliuliza siku ya kuchapa.

Kataliko aliiangalia ile nafasi. Aeleze nini? Léonie ni nani, hakujua kusoma nini, kwa nini? Jambo moja lingevuta lingine mpaka kwenye kikombe cha maziwa. Alikuwa amevaa shati jipya.

“Hakuna kitu,” alisema.

Kitabu kilitoka Jumamosi, kwa rangi. Kataliko alikaa sokoni nyuma ya meza yenye kitambaa, anatia sahihi, watu wamejazana, watoto ambao wakati ule hawakuwa wamezaliwa wanapiga kelele uliiba gizani, kaa gizani. Karibu na saa tano watu wakapisha, akamwona Léonie. Alikuwa amekonda. Mtaa wote ulijua sasa. Ulijua pia kwamba Télesphore analishwa na mke wa jirani, na kwamba hasemi na Léonie, hata la kumtukana. Mama akanunua nakala moja. Akaifungua palepale mezani, akapapasa ukurasa wa kwanza kwa kidole, akapita jina la Kataliko, ambalo umbo lake alilijua, akafika chini yake penye maneno machache yaliyochapwa kwa wino mwekundu. Kidole kikasimama.

“Njo hapa imeandikwa,” alisema.

Pale paliandikwa kwamba sabuni ya Namegabe inatoa doa lolote.

Kataliko alifungua mdomo. Nyuma ya mama watu walikuwa wanasukumana, mtoto anamnyooshea kalamu.

“Njo hapo, mama,” akasema.

“Aksanti, muchoraji. Mungu akubariki.” Machozi yalikuwa yanamtiririka, ya furaha, na hakuyapangusa. Hakuelekea nyumbani moja kwa moja. Alianza na meza ya nyanya, kitabu kimefunguliwa juu ya viganja viwili, kisha ya chumvi, kisha ya ndagala, kwa watu wale wale waliokuwa wanamsema. “Muangalie! Wameandika! Someni wenyewe!” Nao walisoma, wakatazamana, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Kataliko alimfuata kwa macho mpaka meza ya maharagi. Mukamurenzi aliweka ungo chini, akasoma, akainua uso na kumtafuta mchoraji kati ya watu, na Kataliko akainama upesi kutia sahihi nyingine.